Kuuhamisha Wimbo Kutoka Kinandani Hadi Kwenye Kompyuta

Somo kwa wanakwaya, wapiga vinanda na wazee wa kanisa



Katika makanisa yetu mengi kuna kinanda cha umeme ambacho kimekaa karibu na kwaya kwa miaka kumi au zaidi. Ndani ya kinanda hicho mna nyimbo. Nyimbo za vitabuni zimechapwa, na kitabu kimoja kikichanika kingine kipo. Lakini nyimbo ninazozisema hapa zilitungwa na walimu wa kwaya zetu wenyewe, na mpiga kinanda akazipangia ngoma, besi, magitaa na tarumbeta, usiku baada ya usiku, wakati wengine wamelala. Nyingi hazikuandikwa mahali pengine popote. Kinanda kikifa, mipango hiyo yote imekufa nacho, na kitakachobaki ni kumbukumbu za wale walioimba.

Somo letu basi lina makusudi mawili. La kwanza ni kuzihifadhi nyimbo hizo. La pili ni kuzichanganya vizuri na sauti za waimbaji, ili maneno yasikike. Makusudi haya yote mawili hutimizwa kwa njia moja: kuutoa wimbo katika kinanda, ala moja baada ya nyingine, na kuuingiza katika kompyuta. Si lazima msomaji awe fundi ili alifuate somo hili. Hata mzee wa kanisa anayepitisha fedha za kurekodi, yafaa ajue ni kitu gani kinachonunuliwa kwa fedha hizo.

1. KINANDA CHENYEWE

Hatuzungumzii kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu, wala piano ndogo ya umeme yenye sauti chache. Tunazungumzia kinanda chenye mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, kina sauti za ala nyingi. Pili, kina mtambo wa kukumbuka noti zilizopigwa, uitwao sikwensa. Tatu, kina mtambo wa kupamba sauti, kwa mfano kuipa mwangwi. Wenye maduka hukiita wekisitesheni, yaani kituo cha kazi, kwa sababu mtu mmoja aweza kuutengeneza wimbo mzima hapo hapo alipoketi. Sisi tutakiita kinanda tu.

Korg M1, kilichotoka mwaka 1988, ndicho kilichozifanya mashine za namna hii zijulikane sana duniani. Sikwensa yake ilikuwa na nafasi 8 za kuwekea ala. Korg Triton kilitoka mwaka 1999 kikiwa na nafasi 16, na Yamaha Motif kikafuata mwaka 2001. Nafasi moja huitwa traki. Mpiga kinanda hupiga ngoma katika traki ya kwanza, kisha hurudi mwanzo na kupiga besi katika traki ya pili huku akiisikiliza ile ya kwanza, na kuendelea hivyo mpaka wimbo ukamilike.

Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Katika Korg Triton, ukizima umeme kabla ya kuuhifadhi wimbo katika disketi, wimbo uliomo katika sikwensa hufutika wote. Korg M1 nacho hutunza kumbukumbu yake kwa nguvu ya betri ndogo iliyomo ndani, na betri yo yote ina siku yake ya kuisha. Disketi nazo huharibika kwa vumbi, joto na unyevu. Kwa hiyo kuchelewa katika jambo hili ni kama kuacha rejista ya ubatizo kwenye dirisha lisilo na kioo.

2. MIDI NI SOLFA YA MASHINE

Hili ndilo fungu kubwa la somo letu, na mtu akilielewa, mengine yote yatakuwa mepesi.

Wengi wetu tulijifunza kuimba kwa solfa. Njia hiyo ilienezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, na wamisionari wakaileta kwetu. Mwalimu akiandika d m s ubaoni, ubao haulii. Herufi zile zinasema ni sauti ipi iimbwe na kwa muda gani, lakini hazisemi koo la nani litaimba. Karatasi moja ya solfa wakipewa watoto wa Shule ya Jumapili, kisha wakipewa akina mama, wimbo utakuwa ule ule, lakini sauti zitakuwa mbili tofauti kabisa.

Mashine za muziki nazo zina solfa yao, iitwayo midi. Mwaka 1983 viwanda vya ala za muziki vilikubaliana kutumia lugha hiyo moja, ili kinanda cha kiwanda kimoja kiweze kuzungumza na kinanda cha kiwanda kingine. Walioongoza mapatano hayo walikuwa Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland ya Japani na Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani. Mwaka 2013 wote wawili walipewa tuzo ya Grammy ya mambo ya ufundi kwa ajili ya kazi hiyo.

Midi husema mambo kama haya: "Katika chaneli ya 2, noti namba 60 imebonyezwa kwa nguvu ya 90. Sasa imeachwa." Noti zimepewa namba kuanzia 0 mpaka 127, na namba 60 ni ile C ya katikati ya piano. Nguvu ya kidole nayo hupimwa kwa namba, mwisho wake 127. Chaneli ni 16. Basi. Hakuna sauti yo yote ndani ya maneno hayo, kama vile hakuna sauti ndani ya d m s.

Sikwensa ya kinanda hukumbuka midi. Maana yake ni hii: wimbo uliomo katika sikwensa ni karatasi ya solfa, na waimbaji wake ni zile sauti za ala zilizomo katika kinanda kile kile. Ukiitoa karatasi na kuipeleka kwenye kompyuta, waimbaji wamebaki nyuma. Kompyuta itatafuta waimbaji wengine.

Ni kweli kwamba mwaka 1991 viwanda vilikubaliana pia orodha ya sauti 128, iitwayo General MIDI. Katika orodha hiyo namba 1 ni piano, namba 20 ni kinanda cha kanisani, namba 53 ni kwaya inayoimba "aa", na chaneli ya 10 imetengwa kwa ngoma. Lakini sauti nzuri ambazo wapiga vinanda wetu huzipenda aghalabu hazimo katika orodha hiyo. Zimo katika orodha ya kiwanda chenyewe, na namba zake hazilingani na za wengine. Kwa hiyo aliyechagua marimba katika kinanda chake aweza kufungua faili lake kwenye kompyuta akasikia tarumbeta. Noti zote ziko sawa, lakini mwimbaji si yule.

Watu wa kwaya wakiambiwa, "Wimbo wenu nimeuhamisha, uko kwenye flashi," hawana budi kuuliza: umehamisha karatasi, au umehamisha sauti? Jibu zuri ni moja tu: vyote viwili. Karatasi inahitajika ili noti yenye kosa iweze kusahihishwa kesho, au ufunguo ushushwe kwa ajili ya waimbaji wapya. Sauti inahitajika kwa ajili ya kuchanganya, na kwa sababu siku moja kinanda kile hakitakuwapo.

3. MATAYARISHO

Kabla ya kuunganisha waya wo wote, fanya mambo manne.

(a) Hifadhi kila kitu kwanza. Hifadhi wimbo kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ya kiwanda chenyewe; katika vinanda vya Korg kama Triton, faili la wimbo huishia kwa herufi SNG. Namna ya pili ni faili la midi la kawaida ambalo kompyuta yo yote italisoma. Ukiulizwa aina, chagua aina ya 1, ambayo huacha kila traki peke yake. Aina ya 0 hukusanya traki zote mahali pamoja, na kuzitenganisha tena ni kazi.

(b) Hifadhi na sauti zenyewe. Faili la wimbo huita sauti kwa namba tu. Kama mpiga kinanda alirekebisha sauti kwa mkono wake, marekebisho hayo yamo katika faili jingine. Kwenye Korg Triton huishia kwa herufi PCG. Bila faili hilo, kinanda kingine cha aina ile ile kitaupiga wimbo kwa sauti za kiwandani.

(c) Andika katika daftari. Andika jina la wimbo, jina la mtunzi, mwaka uliotungwa kama unajulikana, ufunguo, mwendo (kwa mfano mapigo 96 kwa dakika), na orodha ya traki zote pamoja na jina la sauti ya kila traki. Daftari halihitaji umeme.

(d) Zima mwangwi wa pamoja. Katika kinanda, ala zote huingizwa katika mwangwi mmoja. Ukirekodi ala moja moja pamoja na mwangwi huo, kisha ukaziweka pamoja, utapata matope. Mwangwi utauweka baadaye kwenye kompyuta, kwa kipimo unachokitaka. Lakini pambo ambalo ni sehemu ya sauti yenyewe liache. Kwa mfano, ule mtikisiko wa spika izungukayo katika sauti ya ogani ukiuondoa, si ogani ile tena.

4. KUUNGANISHA

Sauti hutoka katika kinanda kwa matundu mawili nyuma yake, la kushoto na la kulia. Yaunganishe kwa kebo mbili hadi kwenye kisanduku cha sauti, yaani kile kifaa kidogo kinachopokea sauti na kuipeleka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Hakikisha kisanduku kimewekwa kupokea ala na si maikrofoni, kwa sababu nguvu ya maikrofoni ni ndogo mno kuliko ya kinanda, na sauti itapasuka. Kama matundu ya nyuma ni mazima, usitumie tundu la hedifoni.

Vinanda vingine vina matundu ya ziada. Korg Triton kina mengine manne, ambayo yaweza kutoa ala nyingine kwa wakati ule ule. Kama kisanduku chako kina nafasi za kutosha, hayo yatakupunguzia muda.

Sasa pima nguvu. Piga mahali pale wimbo unapokuwa na kelele kuliko pote, ukitazama mita ya programu. Juu kabisa ya mita pana alama ya sifuri. Sauti ikigusa hapo inakatwa kichwa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Acha nafasi: kilele kifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Mtu asidhani ni dhaifu mno. Kuipandisha baadaye ni rahisi.

Weka programu irekodi sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli biti 24. Tufanye hesabu kidogo ya nafasi itakayohitajika. Biti 24 ni baiti 3. Zidisha 44,100 kwa 3, kisha kwa 2 kwa ajili ya kushoto na kulia, kisha kwa sekunde 60. Jibu ni karibu megabaiti 16 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 12 utahitaji kama megabaiti 760. Nyimbo kumi ni zaidi ya gigabaiti 7. Ni vema kuijua hesabu hii kabla ya kununua flashi ndogo.

Programu ziko nyingi. Audacity, iliyoanza kutolewa mwaka 2000, hupatikana bure na yatosha kwa kurekodi traki nyingi. Reaper na Cubase ni za kununua, nazo zina jambo moja zaidi ambalo tutaliona sasa hivi.

5. SAA MBILI

Kinanda kina saa yake ndani, na kompyuta ina saa yake. Saa hizi hazijuani. Ndugu, hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tuende polepole.

Tatizo la kwanza ni mahali pa kuanzia. Umerekodi ngoma, umesimamisha, sasa unarekodi besi. Kidole chako hakitabonyeza kitufe kwa wakati ule ule kama mara ya kwanza. Kila traki itaanza mahali pake.

Tatizo la pili ni mwendo. Hata ukiandika 96 kwenye kinanda na 96 kwenye kompyuta, saa mbili haziendi sawasawa kabisa. Tuseme moja inatangulia kwa sehemu moja katika elfu kumi. Wimbo wa dakika 4 una sekunde 240. Gawanya kwa 10,000, utapata sekunde 0.024. Msomaji atasema ni kitu kidogo. Lakini sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, na katika sekunde 0.024 huenda mita 8. Ni kama mpiga ngoma alianza wimbo akiwa katikati ya kwaya, na alipofika ubeti wa mwisho amekwisha kurudi nyuma hatua kumi. Traki zote zikitoka kinanda kile kile hazitapishana sana zenyewe kwa zenyewe. Ukiongeza ngoma za kompyuta, tofauti hiyo itasikika.

Ziko dawa mbili.

Dawa ya kwanza ni kuwa na kiongozi mmoja. Unganisha kompyuta na kinanda kwa kebo ya midi, kisha kiambie kinanda kifuate saa ya nje. Programu kama Reaper na Cubase hutuma mapigo 24 kwa kila robo noti, na kinanda huyafuata, kama kwaya inavyomfuata mwalimu. Ukibonyeza rekodi kwenye kompyuta, kinanda huanza chenyewe. Kutakuwa na kuchelewa kidogo sana, lakini kutakuwa karibu sawa kwa traki zote, na kunasahihishwa kwa kuzisogeza zote pamoja.

Dawa ya pili ni ya wale wasio na programu hizo. Katika kinanda, ongeza vipimo viwili vitupu mwanzoni mwa wimbo, na katika traki ya peke yake weka mapigo manne makali ya kijiti. Weka pigo jingine moja mwishoni, baada ya wimbo kwisha. Kila ala unayoirekodi, irekodi pamoja na traki hiyo ya kijiti. Kisha kwenye kompyuta ikuze picha ya sauti mpaka uone pigo la kwanza wazi, na uzipange traki zote zianzie pigo hilo. Pigo la mwisho ni la kukaguzia: likilingana katika traki zote, saa haikukimbia. Ukimaliza, kata vijiti vyote.

6. KUREKODI TRAKI MOJA MOJA

Sasa kazi yenyewe. Nyamazisha traki zote isipokuwa moja, uirekodi toka mwanzo hadi mwisho, kisha uende nyingine. Anza na ngoma, kisha besi, kisha gitaa na piano, kisha zile sauti za fidla zinazoshikilia, na mwisho tarumbeta na mapambo. Ikiwezekana, itenge ngoma kubwa ya mguu, ngoma ndogo, na matoazi pamoja na kayamba, kwa kuwa katika kuchanganya hizi ndizo zinazogombana na waimbaji.

Traki 12 za wimbo wa dakika 4 ni dakika 48 za kusikiliza, bila kuhesabu makosa. Tenga saa mbili kwa wimbo mmoja, wala usifanye jambo hili Jumamosi usiku.

Njia hii ina faida moja ambayo wengi huishangaa. Kinanda kina kikomo cha noti kinazoweza kutoa kwa wakati mmoja: Korg M1 noti 16 tu, Korg Triton noti 62. Ala nyingi zikipiga pamoja, kinanda hukata baadhi ya noti ili kupata nafasi kwa nyingine, na msikilizaji hudhani mpigaji aliziachia mapema. Ukirekodi traki moja moja, kila ala hupata nafasi yote. Kwaya nyingine husikia kwa mara ya kwanza noti ambazo mpiga kinanda wao alizipiga miaka mingi iliyopita.

7. KUCHANGANYA

Kuchanganya ni kuamua nani asikike mbele na nani nyuma. Katika wimbo wa kwaya uamuzi huo si mgumu: maneno yatangulie.

Anza na sauti za waimbaji peke yao, mpaka usikie kila silabi. Kisha ongeza besi na ngoma, halafu ala nyingine moja moja. Kila unapoongeza ala, jiulize kama maneno bado yanasikika. Yakifichika, shusha ala; usikimbilie kupandisha waimbaji. Kila mtu akipandishwa, mita inafika sifuri na hakuna aliyeshinda.

Fidla zinazoshikilia hukaa mahali pale pale walipo soprano na alto, na huwafunika kama blanketi. Zishushe, au uziweke kidogo kushoto na kulia ili katikati pabaki kwa waimbaji. Katika ala zisizo besi, punguza mtetemo ulio chini ya herzi 100 hivi. Hapo ni makao ya gitaa la besi, ngoma kubwa, na wale wanaume wa sauti ya nne ambao noti yao ya chini hufika kama herzi 82.

Angalia sana kayamba na matoazi. Herufi kama s, t, k na ch husikika kwa mitetemo ya juu, kuanzia kama herzi 2,000 na kupanda, na kayamba nayo inaishi huko huko. Katika Kiswahili herufi moja hubeba mzigo mkubwa. Waimbaji wakiimba "tumeokoka", na kayamba ikaimeza ile t, msikilizaji atasikia "umeokoka". Ushuhuda wa kwaya nzima umegeuka kuwa habari za mtu mwingine.

Mwangwi uwe wa kiasi. Jengo la kanisa lina mwangwi wake, na wimbo huo utapigwa humo. Mwisho jaribu kusikiliza kwa njia tatu: kwa simu, kwa spika za kanisani, na kwa kuunganisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja. Jaribio hili la tatu ni la lazima, kwa kuwa spika nyingi za makanisani hutoa sauti moja pande zote, na piano nyingine za kinanda hufifia zikiunganishwa hivyo. Afadhali kulijua jambo hilo sasa kuliko siku ya Pasaka.

8. KUTUNZA

Kazi ikiisha, weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja katika jengo jingine, kwa mfano nyumbani kwa mzee wa kanisa. Wezi na moto havichagui. Kila nakala iwe na vitu hivi: faili la kiwanda, faili la sauti za kinanda, faili la midi, traki zote zilizorekodiwa, wimbo uliokwisha kuchanganywa, na picha ya ukurasa wa daftari.

Traki zote zihifadhiwe zikianzia mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama tarumbeta inaingia katika ubeti wa tatu. Kwa njia hiyo mtu ambaye hatujazaliwa naye wakati mmoja ataweza kuziweka katika programu ambayo haijatengenezwa, na zote zitaanza pamoja.

Kama kwaya inarekodi kwa fundi wa mjini, vitu hivi vyote viandikwe katika mapatano kabla ya fedha kutolewa. Fundi akikupa wimbo uliochanganywa peke yake, amekupa mkate. Na wewe ulihitaji na unga wa kesho.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya faili la midi na sauti iliyorekodiwa. Tumia mfano wa solfa.
2. Kwa nini faili la midi la aina ya 1 ni bora kuliko la aina ya 0 kwa kazi hii?
3. Wimbo una dakika 5 na traki 10. Ukirekodi kwa megabaiti 16 kwa dakika kila traki, utahitaji megabaiti ngapi?
4. Pigo la kijiti la mwisho wa wimbo lina kazi gani?
5. Taja neno la wimbo wa kwaya yenu ambalo likipoteza herufi moja hubadili maana.

KAZI YA KUFANYA

Mpiga kinanda na katibu wa kwaya wakae pamoja mbele ya kinanda cha kanisa, wakiwa na daftari. Waandike majina ya nyimbo zote zilizomo, na mbele ya kila wimbo waandike jina la mtunzi na kama wimbo huo umehifadhiwa mahali pengine. Nyimbo ambazo watunzi wake wamekwisha kututangulia zipewe nafasi ya kwanza. Orodha hiyo ipelekwe kwa kasisi na halmashauri ya kanisa, na kazi ianze na wimbo mmoja.